Kabla Kikundi Hakijafungua Ukurasa

Kwanza muamue mwataka nini kwenye mitandao ya kijamii. “Tujulikane” si jibu. Kikundi cha Matondoni, kijiji cha hapa Lamu, kinachotafuta vijana wa kupanda mikoko Jumamosi chahitaji WhatsApp. Kinachotafuta wafadhili wa Nairobi na ng'ambo chahitaji ukurasa wa Facebook. Msifungue mitandao minne na mtu wa kuposti ni mmoja.

Facebook, fungueni ukurasa, si akaunti ya mtu iliyobandikwa jina la shirika. Akaunti ya mtu hukomea marafiki 5,000, na ikigunduliwa yaweza kufungwa.

Kundi la WhatsApp hubeba watu 1,024, lakini kila mmoja huona namba za wenziwe. Akina mama wengi hawalitaki hilo, na wana haki. Orodha ya matangazo (broadcast list) ya WhatsApp huficha namba, ila mwisho wake ni watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yenu. Basi siku ya kumsajili mtu, aihifadhi papo hapo, nanyi muone kwa macho.

Sasa la laini, na hili msilipite mbio. Kikundi kimoja cha hapa Amu (mji wa Lamu) kilimwachia kijana wa kujitolea afungue ukurasa, kwa kuwa ndiye mwenye simu nzuri. Akaufungua kwa akaunti yake na laini yake, barua pepe hakuweka. Miaka miwili mambo yakenda, wafuasi wakaja, wafadhili wakawa wanaandika. Kijana akapata kazi Qatar. Ugomvi haukuwapo, aliagwa kwa dua na halua. Kule akanunua laini ya kule, ya huku ikakaa bila salio hata kampuni ikaifunga na kumuuzia mtu mwengine. Simu yake ilipoharibika, akataka kuingia kwa simu mpya, na tarakimu za kuthibitisha zikatumwa kwenye laini ya zamani. Zikamfikia muuza makuti wa Witu, aliyedhani anatapeliwa akazifuta. Alifanya sawa. Ukurasa ukabaki waonekana lakini haushikiki: picha za mwaka juzi, namba isiyopokewa, na watu wanaouliza michango waitume wapi. Wakafungua wa pili, lakini ukitafuta jina lao, wa kwanza ndio hutokea juu.

Kwa hivyo, nendeni duka la kampuni ya simu na cheti cha usajili, muulize laini kwa jina la shirika. Itiwe salio hata kama haipigiwi. Fungueni barua pepe ya shirika, paswedi yake ijulikane na katibu na mweka hazina. Ukurasa uwe na watu watatu wenye udhibiti kamili, kila mmoja kwa akaunti yake. Wasizidi hapo, kwani mwenye udhibiti kamili aweza kumtoa yeyote, hata aliyeufungua. Wengine wapewe ruhusa ya kuposti na kujibu tu. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi kisha tarakimu; Facebook hutoa namba za akiba za kuingilia, zichapisheni mzitie bahasha ndani ya sanduku la fedha. Kwenye WhatsApp wekeni pini ya tarakimu sita. Na mtu akiondoka, atolewe siku hiyo hiyo, kabla ya halua.

Picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto, na picha ni habari zake. Chukueni idhini kwa maandishi, mtaje itatumika wapi; “mwalimu alikubali” haitoshi. Msimpige picha mtu mzima akipokea unga huku amefunikwa aibu. Mji huu mdogo, kesho mtakutana naye mtaani Langoni. Wanaolinda kasa wasitaje kiota kiko ufuo gani. Wezi wa mayai nao wana simu.

Namba ya michango iwe moja, ya shirika, si ya mwenyekiti, na ndiyo hiyo hiyo iliyoandikwa kwenye ubao wa ofisi. Matapeli hunakili ukurasa mzima, picha na jina, wakabadilisha namba tu. Semeni mara kwa mara kwamba hamna nyengine.

Video fupi, sekunde 30 hadi 60, yenye maandishi chini, kwani wengi hutazama sauti imezimwa. Ndefu hula bando. Posti mbili kwa wiki zatosha, lakini anayeuliza ajibiwe siku hiyo.

Mkiona ujumbe wa kwamba ukurasa utafungwa baada ya saa 24 msipobonyeza kiungo, msibonyeze. Anayeomba tarakimu zilizoingia kwenye simu yenu asipewe, hata akijiita mfadhili. Uchaguzi wa 2027 nao waja, na mgombea ataomba mumwekee kabango kake kadogo tu. Aambiwe hapana mapema. Na simu ya ofisi wasipewe watoto kuchezea gemu.