Mzabibu mmoja uani: msimu unauamua kwa mkasi

Nyumba nyingi Dodoma zenye mzabibu uani zina kivuli, hazina zabibu. Mti umepanda juu ya banda, majani yamefungana, na vishada vitatu vimejificha huko juu vikisubiri ndege. Udongo hauna kosa. Ulaya mzabibu hupukutisha majani na kulala kwa sababu ya baridi. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo usipoukata unatambaa tu. Lazima uulaze mwenyewe: unaunyima maji kidogo, halafu unaupogoa.

Kupanda ni kazi ndogo. Omba kwa jirani mwenye mti unaozaa vizuri kipande cha tawi la kahawia lililokomaa, nene kama penseli, lenye macho manne, yaani vifundo ambamo machipukizi hutokea. Upande wa chini ukate mshazari na wa juu ukate bapa, usije ukakichomeka kichwa chini. Macho mawili yaingie kwenye udongo wa kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche. Kikishapata mizizi ya kutosha, baada ya miezi mitatu hivi, kihamishie kwenye shimo la sentimita 60 kila upande, lenye madebe mawili ya samadi iliyooza. Mbichi itaunguza mizizi. Ukiweka matandazo, yasiguse shina, maana mchwa wa huku hawahitaji daraja zaidi ya hilo.

Jenga chanja la waya lenye kimo cha mita mbili, ambalo mkono unalifikia. Pandisha shina moja tu. Likifika kwenye waya kata ncha yake, ubakize matawi mawili ya kulia na kushoto. Mwaka wa kwanza kishada chochote kinachotokea kitoe. Inauma, lakini mizizi kwanza.

Sasa mkasi. Zabibu hutoka kwenye chipukizi jipya lililoota juu ya tawi la msimu uliopita. Machipukizi yanayotoka kwenye shina kuukuu mara nyingi huleta majani matupu. Basi kila tawi la kahawia likate libaki na macho mawili tu, ukiacha kama sentimita mbili juu ya jicho la mwisho, mkato ukiinamia upande usio na jicho ili maji yasilidondokee. Mti utabaki kama kigingi na majirani watakupa pole. Utadondosha maji kwenye mikato siku kadhaa. Usipake kitu, yatakauka yenyewe. Baada ya wiki mbili hivi macho yanafumka.

Kutoka mkasi hadi mavuno hesabu takribani miezi minne. Ukikata mwishoni mwa Aprili au Mei, unavuna Agosti na Septemba, kwenye ukavu, zabibu zikiwa na sukari. Ukikata Oktoba au Novemba, zinaiva Februari na Machi, mvua ikinyesha, na nyingi hupasuka na kuoza. Mwenye mti mmoja na muda mchache aupe nguvu mkato wa Aprili. Wiki mbili tatu kabla ya kukata simamisha maji. Ukishakata, rudisha ndoo mbili za lita 20 mara mbili kwa wiki, zimwagwe taratibu zizame. Kunyunyizia kidogo kila jioni huweka mizizi juu juu.

Magonjwa mawili huchanganywa sana. Ubwiri unga ni vumbi jeupe juu ya majani na tunda, hata kama mvua hainyeshi. Dawa yake ni salfa, ipigwe asubuhi, maana kwenye jua kali la saa nane huunguza majani. Ubwiri vinyoya huja na mvua: madoa ya njano yenye mng'ao wa mafuta juu ya jani, nyoya jeupe chini yake. Huo hutibiwa kwa dawa ya shaba. Vyote viwili hupenda majani yaliyosongamana, kwa hiyo nyofoa yale yanayofunika vishada upande wa jua la asubuhi.

Ndege wazibie kwa mifuko ya karatasi. Ya plastiki hupika tunda.

Usivune kwa rangi, kwani zabibu ikishakatwa haiendelei kuiva. Onja ile ya ncha ya chini ya kishada, ambayo huchelewa. Kama ni tamu na mbegu yake ni kahawia, tayari. Kata kwa mkasi ukishika kikonyo. Ule weupe laini juu ya tunda ni nta yake, si ubwiri. Ukiufuta, zabibu zitanywea haraka.