Jinsi ya kumpata Idotea kwenye mwani wa bahari ya Baltiki

Ukitaka kumwona Idotea balthica, kale kajidudu ka baharini ka jamii ya kaa na kamba, usianze kumtafuta yeye, tafuta mwani kwanza. Ule wa kahawia, Fucus vesiculosus, una vifuko vya hewa kama malengelenge, ukikibinya kimoja kinapasuka paa! Baltiki, bahari ya kaskazini mwa Ulaya, hakuna kungoja maji yapwe, kupwa na kujaa kwa huko ni kama hakuna, we vaa mabuti marefu uingie mpaka magotini kwenye mawe, na nenda kiangazi maana miezi mingine hayo maji ni baridi balaa.

Angalia majani, ukiona kingo zimetafunwatafunwa ujue jamaa wapo. Ila kumwona kwa macho tu mi naona ni kupoteza muda, ana rangi ya kijani au kahawia kama mwani wenyewe, wengine wana mstari mweupe au mabaka mgongoni, halafu mchana wanajibana chini karibu na shina. Kwa hiyo funika kichaka kizima na wavu, kikung'ute kwa nguvu bila kuking'oa (unakua polepole sana huo), kisha mimina kwenye beseni jeupe lenye maji ya hapohapo, sio ya bomba. Liweke kivulini, maji yakipata joto hewa inapungua na wadudu wanalegea.

Utaona kitu kinafanana na yule mdudu wa kijivu anayekaa chini ya mawe yenye unyevu bustanini, ni ndugu yake kabisa, ila huyu mrefu mwembamba, dume linafika hata sentimita 3. Cheki mkia: meno matatu ndo balthica, ukichongoka ncha moja ni Idotea granulosa, aina nyingine, huyo anapenda kwenye mawimbi zaidi.

Hesabu na miguu, iwe jozi 7. Kadogo kenye jozi 6 hakajakatika, ndo kwanza kametoka kwenye mfuko wa mama, maana jike anabeba mayai kwenye mfuko ulio chini ya mwili mpaka yaanguliwe. Dume likiwa limemkumbatia jike usiwatenganishe, linamlinda mpaka ajivue gamba, hapo ndo wanapandana. Na wanajivua nusunusu, nyuma kwanza halafu mbele, kwa hiyo ukikuta nusu gamba usidhani kuna aliyeliwa.

Ukimaliza warudishe palepale kwenye mwani, sio katikati ya maji wazi samaki wakawadaka. Mwachie mmoja karibu na jani umwangalie, akiligusa tu analing'ang'ania kwa kucha zote, ukipepesa macho umeshampoteza.