Jinsi ya kuandika historia ya kijiji kidogo kupitia posta yake

Watu wengi wakitaka kuandika historia ya kijiji wanaanza na swali gumu kuliko yote, nani alianzisha na mwaka gani, alafu wanakwama hapo hapo manake kila ukoo una jibu lake. Mi nashauri uanze na posta, hata kama ilikuwa kadirisha tu ndani ya duka. Posta ilikuwa lazima iandike kila kitu: jina la mahali, tarehe, nani kaajiriwa, mfuko wa barua unakuja siku gani, na karatasi nyingi zilitumwa makao makuu, kwa hiyo hata jengo likishabomoka zenyewe zinaweza kuwa zipo mahali zimetulia.

Ila kabla ya makaratasi nenda kwa wazee, hilo usiliahirishe kabisa. Usimuulize mtu posta ilifunguliwa mwaka gani, utamfanya abahatishe. Muulize vitu anavyoviona kichwani: nani alikuwa anabeba mfuko, alikuja kwa miguu au baiskeli au basi, barua ziligawiwaje, nani aliwasomea wasiojua kusoma, na telegramu ya msiba ikiingia nani alitumwa kuipeleka. Mwaka utaupata kwa kulinganisha tu, ilikuwa kabla shule haijajengwa au baada, kabla ya ile njaa au baada, mtoto wake wa kwanza alikuwa keshazaliwa? Akikubali mrekodi, na jina lake na tarehe ya mazungumzo uandike hapo hapo, ukisema utaandika baadae husaidii mtu.

Sasa nyaraka. Marekani wana bahati, hifadhi yao ya nyaraka za taifa ina rejista za uteuzi wa wakuu wa posta kuanzia 1832 hadi 1971, alafu kuna zile ripoti za mahali posta ilipo za 1837 hadi 1950, na hizi ndo nazipenda zaidi. Mkuu wa posta alijaza fomu mwenyewe: posta jirani iko umbali gani, mto gani uko karibu, reli inapita wapi, watu wangapi watahudumiwa, na saa ingine alichora karamani kwa mkono. Hiyo idadi ya watu isome kwa tahadhari lakini, anayeomba afunguliwe posta hana sababu ya kupunguza watu. Uingereza kuna vitabu vya ajira za posta vya 1737 hadi 1969. Kwa Kenya, Uganda na Tanzania kumbuka posta ilikuwa ya pamoja, stempu zenyewe kuanzia 1935 ziliandikwa majina ya nchi zote tatu, Tanzania ikiwa bado inaitwa Tanganyika, na lile shirika la posta na simu lilivunjika 1977, kwa hiyo kama unachotafuta ni cha kabla ya hapo usiishie kwenye hifadhi ya nchi moja. Popote ulipo, angalia pia gazeti la serikali na vitabu vya zamani vya orodha za posta.

Hapa ndo watu wanachanganya mambo. Tarehe ya kibali, tarehe ya kuanza kazi, na tarehe ya muhuri wa zamani kuliko yote uliopatikana kwenye barua ni vitu vitatu tofauti, viandike vyote vitatu na useme kila kimoja umekitoa wapi. Na posta kufunguliwa sio kijiji kuanzishwa! Watu wanaweza kuwa waliishi pale vizazi na vizazi kabla serikali haijaleta muhuri.

Majina nayo yanataka subira, manake posta ikibeba jina ambalo tayari lipo sehemu nyingine barua zinapotea, kwa hiyo jina lilibadilishwa, likafupishwa, au akaliandika karani asiyejua lugha ya pale, na hilo la karani ndo likaingia kwenye ramani. Tafuta kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, pamoja na zilizokosewa.

Kuhusu barua zenyewe, omba familia zikuonyeshe bahasha za zamani na tafadhali usibandue stempu. Ukibandua unakata muhuri katikati, na muhuri ndo ushahidi wako: kwenye ukingo wa duara kuna jina la posta, katikati tarehe. Ukiwa umefifia, ilaze bahasha mezani na uimulike taa kwa ubavu, sio kutokea juu, alafu piga picha kubwa uikuze. Geuza na nyuma, kule mara nyingi kuna mihuri ya posta ilikopitia na ya kufikia, ukizipanga kwa tarehe unapata njia nzima na siku barua ilizokaa safarini. Barua ya rejista, ile iliyoandikishwa posta ili isipotee, ina kibandiko chenye namba na jina la posta, hicho nacho usikiache. Maneno ya ndani ni siri za watu, usichapishe bila ruhusa ya familia hata kama ni matamu vipi.

Ukifika kwenye kufungwa usiandike tu kwamba posta ilikufa, tafuta kwa nini. Marekani zilifika 76,945 mwaka 1901 alafu zikaanza kupungua, manake tangu 1896 walishaanza kupeleka barua mpaka nyumbani kwa mkulima, ikawa huduma bora imeua posta ndogo. Kwingine ni barabara mpya iliyopita mbali, mgodi uliofungwa, vijana waliohama, simu za mkononi. Uliza pia watu walianza kuchukulia barua wapi, manake huenda kijiji hicho walichohamia kuchukulia barua ndo kilichukua na soko.

Ukimaliza, nakala moja iache shuleni au maktaba ya karibu, nyingine hifadhi ya nyaraka, na kila picha iandikwe nyuma kwa penseli majina ya waliomo wakati bado kuna anayewajua.