Kabla bunduki haijafika lokesheni: mambo ya kuzingatia kwa wanaorekodi filamu Bagamoyo

Skripti ikishakuwa na bunduki ndani yake, maandalizi yanaanza siku ile unapoisoma. Nasema hivyo kwa sababu makosa mengi niliyoyaona kwenye lokesheni zetu hapa Bagamoyo yalianza na kauli moja: "Silaha tutapata tu, usihofu." Tutapata kwa nani, nani ataishika, nani ataikagua, hakuna aliyeandika popote. Siku ya kurekodi anatokea mtu na begi la mgongoni, anasema mzigo huu hapa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msaidizi wa muongozaji kwenye sini ya majambazi, upande wa Kaole. Bastola ilitoka kwa rafiki wa prodyuza, mwenye leseni yake. Magazini, yaani kasha la risasi, ilikuwa imetolewa na imewekwa pembeni, kwa hiyo wote tukaamini iko tupu. Vijana walishafanya mazoezi nayo, wakielekezeana vifuani, wakicheka. Mzee mmoja, askari mstaafu aliyekuja kuigiza mlinzi, akaomba aione. "Mwanangu, chemba mmeangalia?" Ndipo mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Sikumjibu. Akaielekeza chini mchangani, akavuta kile chuma cha juu kurudi nyuma, risasi moja ikaruka na kuangukia mkeka tuliotoka kulia chakula. Risasi ya kweli, kichwa chake chekundu cha shaba. Aliyekuwa ametangaza kwa sauti kwamba bastola iko tupu ni mimi, na nilitangaza kwa sababu niliambiwa. Tangu siku hiyo neno "iko tupu" silipokei kwa mdomo. Nataka nioneshwe.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya yote ni hili: je, sini hii inahitaji silaha ya kweli? Mara nyingi haihitaji. Bagamoyo ni mji wa wachongaji. Mpe fundi picha na vipimo, atakutolea bunduki ya mti ambayo ikipakwa rangi na kuwekewa kipande cha bomba kwa mtutu, kamera iliyosimama hatua tano haitaijua. Hata zile filamu za kihistoria tunazozipenda, za zama za Bushiri bin Salim na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, magobori yake yanachongeka vizuri kabisa. Mlio na mwako wa moto vitawekwa na mhariri kwenye kompyuta. Si ushamba wala umaskini kufanya hivyo. Mwaka 2021 mwigizaji wa Marekani Dwayne Johnson, kwa ukubwa wake wote, alitangaza kwamba filamu za kampuni yake zitatumia bunduki za mpira tu.

Akitokea mwanakijiji mwenye gobori la marehemu babu yake na moyo mwema wa kuazima, mshukuru na umwambie hapana. Chombo hicho kinaweza kuwa na baruti iliyosahaulika humo miaka na miaka. Tena leseni ya silaha, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ni ya mwenye jina lililoandikwa. Haiwi ruhusa ya kuigawa kwa waigizaji. Kama kweli lazima iwepo silaha halisi, basi njia ni polisi, kwa barua, mapema, na mwenye silaha awepo mwenyewe.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo linaua. Risasi ina ganda, ndani yake baruti, na mbele kichwa cha chuma kinachoruka. Risasi baridi haina kichwa, lakini baruti iko pale pale. Ikifyatuliwa, gesi ya moto hutoka mtutuni kwa nguvu kubwa, pamoja na vipande vya ile karatasi au plastiki inayoziba baruti. Mwaka 1984, huko Marekani, mwigizaji Jon-Erik Hexum, kijana wa miaka 26, alijiwekea kichwani bastola yenye risasi baridi kwa mzaha akiwa anasubiri sini. Nguvu ya gesi ilivunja fuvu la kichwa, akafariki siku chache baadaye. Kwa hiyo risasi baridi si mchezo wa watoto, na mtutu wake hauelekezwi kwa mtu hata ukiwa mbali. Kamera hudanganya pembe: mwigizaji akilenga pembeni kidogo ya mwenzake, mtazamaji anaona amemlenga kifuani.

Kuna hatari nyingine ya kuchanganya aina. Mwigizaji Brandon Lee alikufa tarehe 31 Machi 1993 huko Wilmington, North Carolina, kwa mnyororo wa makosa madogo. Kwanza zilitumika risasi za maonyesho, zenye kichwa lakini zilizotolewa baruti, ili kamera ione bastola imejazwa. Kichwa kimoja kilichomoka kikakwama ndani ya mtutu, na hakuna aliyechungulia. Baadaye bastola ileile ikawekwa risasi baridi, na baruti yake ikakisukuma kile kichwa kilichokwama kama risasi kamili. Ndiyo maana kukagua chemba peke yake hakutoshi. Mtutu nao unamulikwa kwa tochi hadi mwanga uonekane upande wa pili, kila silaha inapobadilishiwa kazi, mbele ya mwigizaji atakayeishika na mwenzake atakayesimama mbele yake. Wao wawili wana haki ya kuona kuliko mtu yeyote, na wakisema warudiwe kuoneshwa, warudiwe bila kununiwa.

Mtunza silaha awe mmoja na asiwe na kazi nyingine. Hapa ndipo prodyuza wetu wanapobana bajeti: yule yule aliyeshika silaha ndiye anayepanga viti, anakimbilia maji, anaitwa kushika taa. Tarehe 21 Oktoba 2021, jimbo la New Mexico, wakati wa kurekodi filamu ya Rust, mtunza silaha Hannah Gutierrez-Reed naye alikuwa na kazi mbili. Msaidizi wa muongozaji alitangaza kwamba bastola ni salama. Mwigizaji Alec Baldwin alikuwa anafanya nayo mazoezi ilipotoka risasi ya kweli, ikamuua mpiga picha mkuu Halyna Hutchins na kumjeruhi muongozaji Joel Souza. Gutierrez-Reed alifungwa miezi 18 mwaka 2024. Kesi ya Baldwin ilifutwa Julai mwaka huohuo. Tangazo lile la usalama nalijua, kwa sababu nami nililitoa Kaole.

Lakini ukisoma habari za siku ile usiishie kwenye bastola. Asubuhi hiyo wafanyakazi kadhaa wa kamera walikuwa wamefungasha vyombo na kuondoka, baada ya kulalamikia saa ndefu, malazi ya mbali, malipo na usalama. Siku chache kabla, silaha zilikuwa zimeshafyatuka bila kukusudiwa, na kazi iliendelea. Mimi naamini ajali ilianzia huko. Mtu aliyepata usingizi wa saa tatu tu hachunguzi mtutu. Mtu anayedai posho ya wiki mbili haoni kwa nini asimamishe kazi ya tajiri, na akisimamisha anaogopa hataitwa tena.

Kwa hiyo kabla ya kupanga sini ya silaha, panga saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na hata ukiongeza za ziada siku isivuke saa 12. Mfanyakazi apate saa nzima ya mapumziko akishafanya kazi saa tano mfululizo, na saa 12 za kupumzika kati ya kumaliza na kuanza tena. Najua watasema watu wa filamu ni vibarua, hawana mikataba. Basi andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja: kazi yake, malipo na siku ya kulipwa, nani anagharamia matibabu akiumia. Sini ya bunduki iwekwe mapema katika ratiba ya siku, watu wakiwa wameshiba na macho yamefunguka. Isiwe ile ya saa tisa usiku inayorekodiwa kwa sababu nyumba ya watu lazima irudishwe asubuhi.

Na nauli ya kurudi Dar. Wengi wetu tukimaliza usiku tunajazana kwenye gari la mmoja wetu aliyefanya kazi kutwa nzima kama sisi, tunaianza barabara ya Bagamoyo na malori. Mwaka 1997 huko California msaidizi wa mpiga picha, Brent Hershman, alisinzia kwenye usukani na kufa akirudi nyumbani baada ya siku ya saa 19. Tafuteni dereva aliyelala mchana, au lipieni gesti mjini.

Bunduki ya mti nayo ina hatari yake, na hii ni ya kwetu hasa. Kwa mbali ni bunduki. Kijana mwenye soksi usoni akikatiza Mji Mkongwe wa Bagamoyo kwenda kununua chipsi, bastola ya mti kiunoni, anaweza kupigiwa kelele za mwizi kabla hajapata nafasi ya kusema yeye ni mwigizaji. Kwa hiyo kibali cha Bodi ya Filamu kikishapatikana, nakala ziende polisi wilayani, halmashauri na kwa mwenyekiti wa mtaa, zikitaja tarehe, saa na mahali. Kwenye magofu, ruhusa ya Idara ya Mambo ya Kale. Balozi wa nyumba kumi apite nyumba kwa nyumba, bi mkubwa anayeuza vitumbua kwenye kona aambiwe, msikiti wa jirani uulizwe saa za kuepuka. Silaha za mti zisafiri ndani ya sanduku lenye kufuli, si mgongoni kwenye bodaboda, na waigizaji wavue mavazi kabla ya kutoka eneo la kazi. Sare za polisi na jeshi msizishone kabla ya kuuliza.

Asubuhi yenyewe, watu wote wakusanywe kabla ya kamera kuwashwa, hata mpishi. Elezeni nani atashika nini, atasimama wapi, atalenga wapi, na kwamba neno la kusimamisha kazi ni "Simama!" na yeyote analo, awe prodyuza au kijana wa kubeba waya. Kamera iliyo mbele ya mtutu iachwe kwenye miguu yake, mpiga picha akae pembeni. Masikio yazibwe, mlio wa risasi baridi unaweza kuharibu usikivu hata kwa mara moja, na ndani ya kuta za mawe ni mbaya zaidi. Kuwe na sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kufunga jeraha linalovuja damu, na gari ambalo halina kazi nyingine isipokuwa kusubiri, dereva akiijua njia ya hospitali ya wilaya. Mtu akijeruhiwa kwa risasi, mmoja aende naye, mwingine akimbie polisi kwa ajili ya PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, wa tatu abaki na silaha pale ilipo bila kuigusa.

Mkimaliza, mtunza silaha ahesabu mbele ya msaidizi wa muongozaji: silaha ngapi zilitoka sandukuni, ngapi zimerudi, risasi baridi ngapi, maganda mangapi. Hesabu ikipungua, tochi ziwashwe mchanga upekuliwe, kwa sababu asubuhi maji yakipwa watoto wa pwani hushuka kuokota chochote kinachong'aa.