Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaunda Kifaa cha Kupima Mruko wa Nzige

Kabla hujanunua hata waya mmoja, mfahamu nzige wako. Nzige wa jangwani, aina ile iliyovamia Kenya mwaka 2020, akikomaa huwa na uzito wa kama gramu 2. Huruka kwa mwendo wa karibu mita 3 kwa sekunde, na tangu miguu ianze kunyooka hadi aiache ardhi hupita takriban milisekunde 30. Piga hesabu: kani ya wastani ni karibu nyutoni 0.2, mara kumi ya uzito wake, na kilele chake huzidi hapo. Kani na muda ndivyo vichague vifaa vyako, wala si bei ya dukani.

Wengi hukimbilia kihisi cha kani cha kilo 5, kile kipande cha aluminiamu kilichomo ndani ya mizani ya jikoni. Hicho kimeundwa kubeba nyutoni 49, kwa hiyo mruko wa nzige hautakishtua. Tafuta cha gramu 100.

Muda ndio unaowaponza watu zaidi. Saketi ya HX711, inayokuza ishara ya kihisi na kuigeuza kuwa namba, ni rahisi na inapatikana kwa wingi, lakini husoma mara 10 kwa sekunde, au 80 ukiibadilishia muunganisho. Hata kwa 80, kila usomaji uko milisekunde 12.5 baada ya uliotangulia, kwa hiyo mruko mzima utakuachia nukta mbili au tatu. Kwa kupima uzito inafaa sana. Kwa mruko, usiitumie. Chukua kikuza-mawimbi kama INA125, kisha usome angalau mara 1,000 kwa sekunde. Tena rekodi mfululizo, bila kungoja ishara. Nzige hukunja miguu kwanza, akakaza misuli inayopingana na kulimbikiza nishati gotini kama mtu anayevuta upinde, na huwezi kujua atauachia lini.

Jukwaa la kurukia liwe jepesi na gumu. Mbao za balsa zinafaa. Ukishalifunga, ligonge kwa ukucha uangalie grafu. Kila wimbi la mtetemo likichukua milisekunde 10, hutaweza kuutenganisha na mruko wenyewe. Punguza uzito wa jukwaa, kaza skrubu, gonga tena. Jaribio hili halina gharama, nami naliona la lazima kuliko yote.

Ugezi, yaani kulinganisha usomaji wa kifaa na uzito unaojulikana, ufanye kwa mawe ya mizani yanayoaminika, ukiyaongeza moja moja na kuyapunguza vivyo hivyo, katikati ya jukwaa na kwenye kila pembe, kwa kuwa nzige hatasimama unapotaka wewe. Unapogeuza gramu kuwa nyutoni, kumbuka kwamba huku karibu na ikweta mvutano wa dunia ni 9.78, si 9.81 ya vitabuni. Kiache kifaa kikiwaka nusu saa kabla ya kuanza, kwani joto husogeza sifuri.

Joto lilelile humgusa na mdudu: nzige aliyepoa huruka kinyonge, basi andika nyuzijoto za chumba kwa kila mruko. Na mpime kila nzige siku ileile anayoruka. Jike mwenye mayai wa leo si yule uliyempima juzi.