Mchezo wa zamani wa kompyuta: mtafute mwenye haki kwanza

Kabla hujapakua mchezo unaosemekana umetelekezwa, tafuta mtandaoni jina lake pamoja na la kampuni iliyoutoa, uone kama bado unauzwa kwenye maduka ya mtandaoni kama GOG au Steam, au kama mwenye haki aliutoa bure. Hakimiliki haiishi eti kwa sababu mchezo umetoweka madukani. Nchini Marekani kazi ya kampuni kwa kawaida hulindwa miaka 95 tangu itolewe, hivyo mchezo wa 1990 unalindwa hadi mwisho wa 2085. Kampuni ikifa, haki zake mara nyingi hununuliwa na nyingine. Michezo ya bure halali ipo, tena mizuri: kampuni ya Bethesda iliutoa mchezo wake Daggerfall bure mwaka 2009, na mchezo Beneath a Steel Sky unapatikana kwenye tovuti ya ScummVM, programu ya kuchezea michezo ya zamani, kwa ruhusa ya wenyewe. Ila soma ruhusa yenyewe. Msimbo wa mchezo wa Doom, yaani maagizo ya programu yake, uko huru, lakini mafaili yenye ramani, picha na sauti zake hayamo katika ruhusa hiyo. Njia hii hukwama pale mwenye haki asipojulikana kabisa. Kimya chake si ruhusa, kwa hiyo tafuta diski halisi iliyotumika, uinunue.