Acheni kupiga batoto ya imbwa vitamini ya ngombe

Niko naandika na hasira kidogo, munisamehe. Juma iliyopita papa moja wa Himbi, hapa Goma, ameniletea mtoto ya imbwa, berje (ile ya Wajerumani, ya kulinda) ya miezi 4, kilo 15, miguu ya mbele imepindika kama upinde, na inatembelea kiwiko cha mguu badala ya vidole. Ananiambia, dokta, huyu nimemutunza kuliko hata batoto yangu, kila siku ya mungu, ile ya kanisa, namupiga sindano ya sese (mililita) mbili ya vitamini. Nikaomba kuona dawa yenyewe. Akatoa mu mfuko flakoni ya AD3E, ni kusema vitamini A, D3 na E pamoja, ile ya mafuta, na juu ya etiketi kuko picha ya ngombe. Ngombe mzima, na pembe zake! Kwani ile picha munafikiri baliiweka pale juu ya urembo?

Na haiko yeye peke yake, ndiyo maana naandika. Tangu bandi bameongezeka mu kartie kila mtu anatafuta imbwa kubwa ya kulinda lupango, analipa dola mingi kwa mtoto ya berje ao ya rotwaila, halafu anataka ikomae mbio mbio, basi anaenda ku farmasi ya mifugo anauliza "vitamini ya nguvu". Wanamupatia ile iko pale, ya ngombe.

Tufanye hesabu, juu hesabu njo inakosekana hapa. Flakoni ya kawaida, ile imeandikwa 80/40/20, kila mililita inabeba vitamini A 80,000, vitamini D3 40,000, na E miligramu 20. Zile za A na D munaziona na alama ya UI, yuniti ya kimataifa ya kupimia vitamini. Sasa imbwa inaomba ngapi? Kipimo chenye Wamarekani wanafuata kwa chakula ya imbwa, kile cha AAFCO, kinasema D iwe kati ya 500 na 3,000 mu kila kilo ya chakula kikavu. Mtoto ya kilo 15 mwenye kula kama gramu 400 kwa siku anaomba D 200 hivi, na 1,200 ni mwisho, hapo pa kupita hakuna. Kwa hiyo mililita MOJA ya ile flakoni ni D ya siku 200. Papa alipiga mbili, siku ya mungu ine zikifuatana, jumla mililita 8, D 320,000. Ni D ya miaka 4 na zaidi, mu mwezi moja, kwa imbwa yenye haijamaliza hata nusu mwaka. Na kuko flakoni zingine kali kushinda hiyo, zenye D 100,000 kwa mililita, usizisogelee kabisa.

Sumu ya D inaanza kuonekana karibu na 4,000 kwa kila kilo ya mwili. Gawanya mwenyewe 80,000 kwa kilo 15, inapita 5,300, kwa hiyo sindano ya kwanza tu ilikuwa imeshapita mstari. Vitamini B ikizidi, imbwa inaikojoa na hasara ni ya mfuko yako, lakini D na A zinakaa mu mafuta na mu maini, hazitoki leo wala kesho. D ikijaa inavuta kalsiamu ku damu, kalsiamu inaenda kugandama mu figo na mu moyo. Imbwa inakataa chakula, inatapika, inakunywa maji sana na kukojoa sana. Papa aliona ndoo inaisha akafikiri imbwa iko nakomaa! Tulimupigania siku tano na seromu, figo zikakataa.

Tena kuko ile miguu, na hapa njo batu banapotea zaidi, juu wanafikiri miguu ikipinda ni kalsiamu imepunguka. Mara ingine ndiyo, na nitafika pale. Lakini mtoto ya imbwa mwenye hajafika miezi 6 hana mlango wa kufunga kalsiamu. Imbwa kubwa ikishiba kalsiamu, tumbo yake inaacha kuipokea, ingine inatoka na mavi. Mtoto yeye anapokea karibu kila kitu umemupatia. Ikizidi, mifupa inakomaa bila mpangilio, mfupa moja wa mkono unachelewa mwenzake unaendelea, mguu unajipinda. Watu wa chuo kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walishaionyesha tangu miaka ya 1980 na batoto ya Great Dane, imbwa ya umbo kubwa sana, wale walipewa kalsiamu mingi njo mifupa yao ilikomaa vibaya. Sasa kwetu mtu anaona mguu umeanza kupinda, anaongeza poda ya kalsiamu ya kuku za mayai, mguu unapinda zaidi, anaongeza na vijiko vya mafuta ya maini ya samaki, tena anapiga sindano. Anazima moto na petroli.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: imbwa yako inakula nini? Usiniambie "inakula vizuri", niambie nini.

Kama inakula krokete (chakula kikavu cha imbwa) za batoto za kweli, kutoka mfuko wenye etiketi, usiongeze KITU. Hata kidogo. Soma pale wameandika kalsiamu, kwa imbwa ya umbo kubwa tafuta kati ya 1.2 na 1.8 kwa mia. Fosforasi isipite kalsiamu, na kalsiamu isipite fosforasi mara mbili.

Kama inakula nyama tupu bila mfupa, hapo kweli kalsiamu inapunguka, juu nyama iko na fosforasi mingi na kalsiamu kidogo sana, na mwili unaenda kuiba ku mifupa. Huyu njo anapinda miguu juu ya kukosa. Dawa yake ni maganda ya mayai: chemsha dakika 10, anika mpaka ikauke, saga iwe unga kabisa, ukiigusa na vidole isikwaruze. Nusu ya kijiko kidogo cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama bila mfupa. Kijiko kimesawazishwa na mgongo wa kisu, haiko kile cha mlima kama Nyiragongo, juu kijiko cha mlima kinaweza kubeba karibu mara mbili na wewe utaniambia ulipima. Uichanganye mu chakula, usiipatie peke yake ku maji.

Na kama inakula fufu na mchuzi uliobaki, kama imbwa nyingi za Goma, basi shida ni sahani yenyewe, sindano haitaitengeneza. Fufu ya mihogo karibu haina kitu cha kujenga mwili. Mimi nasema isipite nusu ya sahani, ingine iwe sambaza kavu (zile samaki ndogo za ziwa) zilizopikwa, nzima na vichwa vyake, ao mayai, ao maharagi yaliyoiva sana pamoja na nyama kidogo. Sambaza nzima iko na mifupa yake ndani, kwa hiyo ukitumia sambaza kila siku maganda ya mayai uyaache. Makayabu, ile samaki ya chumvi, hapana, juu ya chumvi yake. Maini ya ngombe kidogo tu, yasipite sehemu 5 kwa 100 ya chakula chote, vitamini A imejaa mule.

Kuko wenye kusema wanaanika mtoto ku jua asubuhi apate D. Jua ni zuri, mwache acheze, lakini ngozi ya imbwa haitengenezi D ya kutosha kama ya mtu. D yake inatoka ku sahani.

Sasa kupima, na hapa nagombeza kila mtu pamoja na mimi mwenyewe. Zamani nilikuwa nakadiria kilo kwa macho. Siku moja niliandikia mtu doze ya imbwa ya kilo 8, kumbe iko na 5, yote ile ilikuwa manyoya. Haikukufa, lakini tangu siku ile sipimi tena kwa macho. Beba mtoto, panda naye ku mizani, andika, mshushe, panda peke yako, toa. Ao umutie mu mfuko kichwa kikiwa inje, umwombe mama wa maharagi ku soko ya Virunga amutundike ku mizani yake, atacheka lakini atapima. Upime kila juma 2, juu mtoto wa berje wa juma lililopita haiko tena wa leo. Na kama munganga wa mifugo amekuandikia mililita 0.1, tumia seringi ndogo ya mililita 1. Usichukue ile ya 5 ukasema utakisia. Kati ya 0.1 na 1 kuko mara kumi, na ile nukta ndogo njo imeshaua imbwa mingi.

Saa nayo. Imbwa yenye homa ya kupe bakiipatia doksisiklini (antibiotiki), munaipatia na maziwa ili imeze. Maziwa na kalsiamu vinashika dawa mu tumbo, haipiti yote ku damu, halafu munasema dawa ilikuwa ya uongo. Kalsiamu na maziwa vikae mbali na ile dawa saa 2 mpaka 3. Mpatie na fufu kidogo, maji nyuma.

Imbwa yenye mimba, hapa mama zetu wa kufuga munanisumbua sana. Mimba inakaa siku kama 63. Mu siku zile zote usimuongezee kalsiamu, hata kama unamuonea huruma. Ukimuongezea, mwili unasahau kutafuta kalsiamu yake mu mifupa, na maziwa yakianza kutoka kwa nguvu, mara nyingi mu juma la 2 ao la 3 baada ya kuzaa, kalsiamu inaisha ku damu, anaanza kutetemeka, miguu inakauka kama miti, anapumua mbio. Ile ni ya saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi, tosha batoto ku maziwa umulete.

Tembe za madini ya chuma za mama wajawazito, hapana. Vitamini tamu tamu za batoto wa watu, hapana, zingine ziko na zailitoli ndani, ile ya kutia utamu badala ya sukari, inaangusha sukari ya imbwa mu nusu saa. Vitamini C imbwa inajitengenezea.

Mtoto mwenye kwenda vizuri miguu iko sawa, anakimbia bila kuchechemea, na mbavu unaziguza bila kuziona.

Mwenye ameshapiga sindano asingoje dalili, alete imbwa leo, na alete flakoni yenyewe. Haiko kuniambia "ile ya rangi ya njano."